Kisu cha Kukunja Mjini Likasi: Historia ya Kuchagua Makali katika Nchi ya Shaba

1.0 Utangulizi

Methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama inafahamika na kila msemaji wa Kiswahili, kuanzia Lamu hadi Kolwezi. Methali hiyo haisemi, hata hivyo, jinsi mtu huyo alivyokipata kisu chake, wala jinsi alivyotambua kwamba kitakuwa kikali siku ya kukata nyama. Makala haya yana lengo la kulichunguza swali hilo kwa kuzingatia aina moja ya kisu na mahali pamoja. Aina hiyo ni kisu cha kukunja, yaani kisu ambacho ubapa wake huzunguka kwenye msumari na kuingia ndani ya mpini, ili makali yafichike na kisu kiweze kutiwa mfukoni bila ala. Mahali penyewe ni Likasi, mji wa madini ulioko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga.

Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji mji huo ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906. Jina la Likasi lilirejeshwa mwaka 1966. Yameandikwa mengi kuhusu shaba ya nchi hiyo, reli yake, kambi zake za wafanyakazi na siasa zake. Kifaa kidogo anachotia mtu mfukoni asubuhi, akakitumia kumenya embe, kukata kamba ya gunia au kuchonga penseli ya mtoto, kimepewa nafasi ndogo sana katika maandishi hayo.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba uwezo wa kuamua ubora wa kisu umepita katika hatua tatu. Kwanza, ubora ulitegemea kumfahamu mhunzi. Pili, ulitegemea kuisoma alama iliyogongwa kwenye ubapa na mtengenezaji aliye mbali. Tatu, umekuja kutegemea maelezo ya muuzaji kuhusu madini yaliyomo ndani ya chuma. Katika kila hatua mnunuzi alisogezwa mbali kidogo na nafasi ya kujiamulia mwenyewe, na katika hatua ya tatu jambo hilo lina uzito wa pekee kwa watu wa Likasi, kwa sababu mojawapo ya madini yanayosifiwa katika visu vya bei kubwa limechimbwa na kusafishwa kwa miaka mingi katika ardhi yao wenyewe.

2.0 Kisu cha Mhunzi

Ufundi wa madini katika eneo hilo ni wa kale sana. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, yalichimbuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwaka 1957 na 1958, na baadaye uchunguzi huo uliendelezwa na Pierre de Maret kuanzia mwaka 1974. Matokeo ya kazi hizo yanaonyesha kwamba yapata miaka elfu moja iliyopita wakazi wa bonde hilo walifahamu kutumia chuma na shaba kwa pamoja. Shaba ilitumika zaidi kwa mapambo, na baadaye kwa vipande vyenye umbo la msalaba vilivyotumika kama fedha. Zana zilizohitaji makali zilitengenezwa kwa chuma.

Mgawanyo huo wa kazi haukuwa wa bahati. Shaba huweza kuongezewa ugumu kwa kufuliwa ikiwa baridi, lakini haifikii ugumu wa chuma chenye kaboni, na makali yake hupinda upesi. Hivyo basi, Katanga, nchi iliyojulikana mbali kwa shaba yake, ililazimika kutafuta makali yake katika madini mengine. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani litajitokeza tena kwa sura nyingine katika karne ya ishirini.

Wataalamu wa shaba waliitwa kwa Kifaransa jina lenye maana ya "wala shaba", na mwaka 1926 mmisionari wa Kibenedikto Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maelezo marefu kuhusu kazi zao. Kwa upande wa chuma, mapokeo ya Waluba huuhusisha uhunzi na asili yenyewe ya ufalme. Aidha, katika karne ya kumi na tisa Wayeke, ambao asili yao ni upande wa Unyamwezi, waliingia nchini na kujenga himaya iliyotawaliwa na Msiri kutoka Bunkeya hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Njia za biashara zilizopita Bunkeya ziliiunganisha Katanga na bahari zote mbili, ile ya Hindi na ile ya Atlantiki, na lugha ya Kiswahili ilikuwa miongoni mwa lugha zilizosikika katika njia hizo.

Katika mazingira hayo kisu kilikuwa na ubapa usiokunjwa na mara nyingi kilibebwa katika ala. Ubora wake ulijulikana kwa njia rahisi kueleza: mtumiaji na mhunzi waliishi karibu. Kisu kikipinda au kikimeguka, aliyekifua alipatikana, na sifa yake njema au mbaya ilienea katika vijiji jirani. Si lazima kuiona hali hiyo kuwa ya heri tupu. Wahunzi nao walikuwa na siku zao mbaya, na chuma cha tanuri za udongo hakikuwa na kaboni inayolingana kutoka kipande hadi kipande. Lakini makosa hayo yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo aliweza kuulizwa.

3.0 Reli na Kisu cha Alama

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mwaka 1910, na ikafika Kambove, jirani na Likasi, mwaka 1913. Mwaka 1928 reli nyingine iliiunganisha Bukama na Port-Francqui, na mwaka 1931 njia ya kwenda Lobito, katika pwani ya Angola, ilikamilika. Shaba ilitoka kwa njia hizo. Kwa njia hizo hizo ziliingia bidhaa za viwanda vya Ulaya.

Wakati huohuo watu waliletwa au walikuja kutafuta kazi kutoka sehemu mbalimbali: Kasai, bonde la Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na kwingineko. Johannes Fabian, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1986, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili katika Katanga hakuelezeki kwa misafara ya karne ya kumi na tisa peke yake. Sera za kazi na za lugha za wakoloni zilikuwa na nafasi kubwa. Kisu ni mfano mzuri wa mkutano huo wa lugha. Mbemba aliyefika kutoka Rhodesia ya Kaskazini alikuwa na neno lake, *umwele*. Kwa msemaji wa Kiswahili cha pwani neno *mwele* ni mtu mgonjwa. Katika Kiswahili cha Katanga neno lililotawala ni *kisu*, na kwa kuwa Kiswahili hicho hupenda kuonyesha udogo kwa viambishi *ka-* na *tu-*, kisu cha mfukoni kimepata mahali pake bila ya kuhitaji neno jipya. Mwenye kusema Kifaransa huongeza *canif*.

Visu vya kukunja vilivyotoka Ulaya wakati huo vilikuwa na historia ndefu. Miji mitatu ilikuwa na sifa kubwa kuliko mingine: Sheffield katika Uingereza, Solingen katika Ujerumani na Thiers katika Ufaransa. Katika miji hiyo kazi iligawanywa kati ya mafundi wengi, huyu akifua, huyu akinoa, huyu akiunganisha mpini. Mnunuzi hakuweza kumfahamu fundi hata mmoja wao. Alichopewa badala yake ni alama iliyogongwa karibu na shina la ubapa.

Alama hiyo ilikuwa ahadi, na kama ahadi nyingine iliweza kuvunjwa. Katika karne ya kumi na tisa wenye viwanda wa Sheffield walilalamika kwamba visu duni vya Kijerumani vilikuwa vikiuzwa vikiwa na jina la mji wao. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizolifanya Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, ambayo ndiyo chanzo cha maneno "imetengenezwa Ujerumani" kuandikwa juu ya bidhaa. Nusu karne baadaye mambo yaligeuka. Mji wa Solingen ulikuwa umejipatia heshima kubwa kiasi kwamba jina lake nalo lilihitaji kulindwa, na mwaka 1938 sheria ya Ujerumani iliweka masharti ya kulitumia juu ya visu.

Methali husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya alama za visu inaonyesha kwamba kibaya kina njia nyingine: huvaa jina la chema. Mtumishi wa Jadotville aliyenunua kisu dukani hakuwa na mahakama ya kukimbilia iwapo jina lililoandikwa kwenye ubapa lilikuwa la uongo. Malalamiko yake yaliishia mezani kwa muuzaji, ambaye mwenyewe hakukitengeneza.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba kila alama ilikuwa hila. Baadhi ya watengenezaji walijenga sifa kwa kazi iliyolingana mwaka hadi mwaka. Katika mkoa wa Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake cha mpini wa mti mwaka 1890. Kilikuwa na sehemu chache mno, na ndiyo sababu kiliweza kuuzwa kwa wakulima na wafanyakazi wa kawaida. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya kuzungusha inayouzuia ubapa usijifunge. Katika Uswisi, Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kuwauzia askari wa nchi yake visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa chenye vifaa kadhaa. Karakana hiyo baadaye ilijulikana kwa jina la Victorinox. Katika mifano hiyo miwili alama ilipata uzito kwa sababu kazi iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imara, na kwa sababu mnunuzi wa Savoie au wa Uswisi aliweza bado kuwafikia walioitengeneza. Kwa mnunuzi wa mbali ahadi ilikuwa ileile, lakini hakuwa na mtu wa kumdai.

4.0 Kisu Chenye Jina la Mnyama wa Kongo

Mfano ulio wazi zaidi wa kisu cha kukunja kilichokusudiwa soko la Afrika ni Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Tarehe hiyo ina maana. Okapi mwenyewe, mnyama wa jamii ya twiga anayeishi katika misitu ya Kongo peke yake, alikuwa ameingizwa katika vitabu vya elimu ya wanyama mwaka mmoja tu kabla, yaani mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa akiiwakilisha serikali ya Uingereza katika Uganda, kupeleka London ngozi na mafuvu. Wakazi wa misitu ya Ituri walikuwa wakimfahamu mnyama huyo siku zote. Kwa Ulaya alikuwa habari mpya, na kwa mfanyabiashara habari mpya ni jina zuri la bidhaa.

Hivyo basi, jina lilitoka Kongo likaenda Ujerumani, likarudi Afrika limegongwa juu ya chuma. Kisu chenyewe kilikuwa cha kawaida: chuma chenye kaboni, mpini mwembamba uliopinda, mara nyingi ukipambwa kwa nyota na mwezi, na bei ambayo mtu wa kipato kidogo aliweza kuifikia. Aina zake maarufu zina pete juu ya mgongo. Mtumiaji huivuta pete hiyo ili kuufungua ubapa uliojifunga katika meno ya kizuizi. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika ya Kusini. Huko kisu hicho kimekuwa kifaa cha mkulima, cha mchungaji na cha mpishi, na wakati huohuo kimepata jina baya kwa kutumika katika ugomvi wa mitaani.

Mfano wa pili unatoka katika ngazi nyingine kabisa ya bei. Chris Reeve, fundi mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyehamia Marekani, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuuza kisu cha kukunja alichokiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Kisu hicho kimeheshimiwa sana na wajuzi kwa usahihi wa kazi yake, na bei yake ni mamia ya dola. Katika mifano yote miwili maneno ya Afrika yamekuwa sehemu ya sifa ya kisu. Hali hiyohiyo imelikuta madini ya Likasi, kama itakavyoonekana katika sehemu inayofuata.

5.0 Kobalti ya Likasi Ndani ya Makali

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Mmarekani Elwood Haynes alikuwa akitafuta madini ya kutengenezea vifaa vya mezani na visu visivyopata kutu. Mwaka 1907 alipata hataza za mchanganyiko wa kobalti na kromi, ambao baadaye ulijulikana kama stellite. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield alipata chuma cha pua kisichopata kutu kwa kutia kromi ndani ya chuma. Njia ya Brearley ndiyo iliyoshinda katika visu vya kawaida, kwa kuwa kobalti ilikuwa ghali. Lakini kobalti haikutoweka. Ilionekana kwamba ikitiwa kidogo katika chuma cha kukatia madini mengine, chuma hicho hakilegei hata kikipata moto mkali wa kazi.

Katika miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuuza kobalti iliyopatikana pamoja na shaba ya Katanga, na nchi hiyo ikawa upesi mtoaji mkuu wa kobalti ulimwenguni. Viwanda vya Panda na Shituru, vyote vya Likasi, vilikuwa katika moyo wa kazi hiyo. Kiwanda cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza mwaka 1929. Baada ya uhuru, mali za kampuni zilitaifishwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967, na shirika la serikali lililorithi kazi hiyo likaja kujulikana kama Gécamines. Hadi leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, ingawa sehemu kubwa sasa huenda katika betri.

Kobalti hiyo imeingia pia katika visu vya mfukoni. Chuma kiitwacho VG-10, kinachotengenezwa Japani, na kile kiitwacho N690, kinachotengenezwa Austria, vyote vina kobalti yapata asilimia 1.5. Visu vya aina hiyo huuzwa kwa bei ya juu, na neno kobalti hutajwa katika sifa zake. Hesabu ndogo itasaidia. Ubapa wenye uzito wa gramu 40 una kobalti ya gramu 0.6 tu. Kiasi hicho hakiundi chembe ngumu zinazoyapa makali uwezo wa kudumu. Kazi hiyo hufanywa na kaboni ikiungana na kromi, vanadi na molibdeni. Kobalti huimarisha chuma kinachozizunguka chembe hizo. Mchango wake upo, lakini ni mdogo kuliko ule wa mtu anayekipasha chuma joto na kukizimisha. Kisu cha chuma kizuri kilichopashwa vibaya ni kisu kibaya.

Kwa mkazi wa Likasi hesabu hiyo ina uchungu wake. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990, na Gécamines ikaanguka katika miaka iliyofuata. Mwaka 1991 ulikuwa wa uporaji mijini. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu yao walipiga kambi katika kituo cha reli cha Likasi wakingoja gari moshi, wakiwa na vile tu walivyoweza kubeba. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilipotambua uchimbaji wa mikono, vijana wengi walikwisha kuingia mashimoni kutafuta shaba na kobalti kwa sururu na nyundo. Kijana wa namna hiyo akiambiwa dukani kwamba kisu fulani ni ghali kwa sababu kina kobalti, anaelezwa habari ya jasho lake mwenyewe, na anatakiwa kuilipia bila ya kuwa na njia ya kuihakikisha.

6.0 Vigezo vya Uteuzi

Historia iliyoelezwa hapo juu ingekuwa ya kuhuzunisha tu kama isingeacha njia ya kutokea. Njia hiyo ipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubora wa kisu cha kukunja inaweza kupimwa kwa mkono na jicho, bila ya kutegemea alama wala maelezo ya madini. Vigezo vifuatavyo vinatokana na namna kifaa hicho kinavyofanya kazi.

Kigezo cha kwanza ni kiungo. Kisu kifunguliwe kabisa, ubapa ushikwe kwa vidole na kusukumwa kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kisu kizuri hakichezi. Kikifungwa, ubapa ukae katikati ya mpini. Ukigusa upande mmoja makali yatajinoa vibaya kila siku.

Kigezo cha pili ni kizuizi. Visu vingine hushikiliwa na springi ya mgongo peke yake, na vinatosha kwa kukata kwa kuvuta. Havifai kuchoma wala kuchokonolea. Visu vyenye kufuli ya pete, ya mgongo au ya bamba la ndani ni salama zaidi, iwapo kufuli hiyo inakaa mahali pake yote. Mgongo wa ubapa ubonyezwe polepole juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kisu kinachojifunga katika jaribio hilo kitamkata mwenyewe siku moja.

Kigezo cha tatu ni chuma. Makali ya dukani hayaonyeshi ubora wa chuma, kwani hata chuma laini kinaweza kunolewa kikanyoa nywele. Wahunzi wana jaribio la kale: tupa ikipitishwa polepole karibu na shina la ubapa huteleza juu ya chuma kilichopashwa vizuri, na huuma juu ya chuma laini. Muuzaji asiporuhusu jaribio hilo, kilichobaki ni kukitumia kisu siku chache na kuangalia kama kinahitaji kinoo kila jioni. Katika majira ya mvua, ambayo Likasi huanza yapata Oktoba na kuendelea hadi Aprili, chuma cha kaboni hupata kutu upesi na kinataka kupanguswa na kutiwa mafuta. Chuma kisichopata kutu kinapunguza kazi hiyo, lakini baadhi ya aina zake ni ngumu kuzinoa kwa kinoo cha kawaida. Kisu bora kwa mtu fulani ni kile ambacho yeye mwenyewe anaweza kukirudishia makali.

Kigezo cha nne ni kipimo. Ubapa wa sentimita saba au nane unatosha kwa kazi za kila siku. Ulio mrefu zaidi huongeza uzito, na huwatia hofu watu na askari kabla ya kuongeza faida.

Kuna jambo la tano linalostahili kuzingatiwa. Chuma cha Okapi ya kawaida kina kaboni yapata asilimia 0.55. Springi ya gari, ambayo wahunzi wa miji mingi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati huifua kutengeneza visu na mapanga, huwa na kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6. Kwa maneno mengine, malighafi iliyoko mbele ya mhunzi wa mtaani inakaribiana na ile iliyosafiri kutoka Solingen. Tofauti iko katika kupasha joto, kuzimisha, na kukipasha tena kwa joto dogo ili kisivunjike. Na huo ni ujuzi, unaofundishika. Kiungo cha kisu cha kukunja ni kazi ngumu zaidi kuliko ubapa, lakini kisu cha Opinel cha mwaka 1890 kinaonyesha kwamba hata kiungo hicho kinaweza kutengenezwa kwa sehemu chache na mpini wa mti.

7.0 Suala la Istilahi

Kwa watafiti wa Kiswahili historia hii inazua suala la istilahi. Kiswahili kina maneno kamili kwa kisu kisichokunjwa: makali, ubapa, mgongo, ncha, mpini, ala, kinoo. Maneno hayo yalitungwa na watu waliokuwa na wahunzi karibu nao. Kwa sehemu za kisu cha kukunja hali ni tofauti. Sehemu inayozuia ubapa usijifunge huitwa na wengine kufuli, na wengine kizuizi, na wengine huonyesha kwa kidole tu. Upungufu huo una gharama yake. Mnunuzi asiye na neno la kuitaja sehemu iliyo mbovu hupata shida kulalamika kwa muuzaji, na mhunzi asiye na neno hilo hupata shida kumfundisha mwanafunzi wake. Maneno yatakayofaa huenda yapo tayari katika vinywa vya mafundi wa Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, na yangestahili kukusanywa huko kabla ya kamati yoyote kuyatunga upya.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uteuzi wa kisu cha kukunja mjini Likasi una historia inayokwenda sambamba na historia ya mji wenyewe. Mhunzi aliyejulikana alifuatwa na alama iliyotoka mbali, na alama ikafuatwa na sifa za madini. Kongo ilitoa jina la mnyama na ikatoa kobalti. Vyote viwili vilirudi vikiwa sehemu ya bei ya bidhaa. Hata hivyo, kiungo kisichocheza, kizuizi kinachoshika na chuma kinachoiterezesha tupa hupimwa Likasi kama vinavyopimwa Sheffield. Mnunuzi anayejua kuvipima hahitaji kuamini wala kukataa kila anachoambiwa dukani. Na mhunzi anayejua kwamba atapimwa hivyo ana sababu ya kuifua springi yake vizuri zaidi, kwa kuwa mnunuzi wake anakaa mtaa wa pili na kesho atarudi.